Mrejesho: mboga za kwenye ndoo bila udongo, Jang'ombe, Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ndiye niliyeuliza kwa nini mchicha na saladi nilizopanda kwenye ndoo za maji zinageuka manjano na mizizi inaoza. Ahsanteni sana, mlinijibu kwa moyo.

Aliyesema nitazame maji ya kisima alisema kweli. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji yana chokaa. Nilipima kwa karatasi za pH (kipimo cha uchachu wa maji) nikakuta karibu 8, na mboga hizi zinataka 5.5 hadi 6.5. Ndimu iliishusha, lakini baada ya siku mbili tatu ilipanda tena, basi nikaiacha. Nikahamia maji ya mvua niliyokinga kwenye bati, nikatia mbolea ya maji ileile. Majani mapya yakatoka kijani kibichi!

Mizizi nayo ilikuwa inaungua, maji yalikuwa moto juani. Dada aliyenishauri nizipake ndoo rangi nyeusi kuzuia mwanga, kisha nyeupe juu yake, na nisijaze maji hadi mdomoni ili mizizi ipate hewa, Mungu akubariki. Nikifunua kifuniko sasa naiona mieupe, imening'inia kama nyuzi za sufi.

Mchicha tumeshauvuna mara mbili. Saladi imenishinda: hata kivulini ilirefuka, ikatoa maua, majani machungu. Nitaijaribu tena kipupwe, inshaallah.