Gumzo la ukoo: Upendo yuko Istanbul

*JUMATANO*

Upendo: Shikamooni wakubwa wote. Tumefika salama, wote wanne. Zainabu kalala, Petro anatafuta chaja, Saumu anagombana na ramani.

Mama: Marahaba mwanangu. Umekula?

Upendo: Nimekula mama.

Mjomba Tobias: Marahaba. Hapo ulipo ndipo Konstantinopoli yenyewe. Kanisa la Hagia Sophia usinipite bila picha.

Shangazi Hawa: Msikiti, shemeji.

Mjomba Tobias: Lilijengwa kanisa. Kaizari Justiniani, mwaka 537.

Shangazi Hawa: Na Sultani Mehmed wa Pili akaufanya msikiti 1453.

Baraka: Na tangu 1935 mpaka 2020 lilikuwa makumbusho. Kwa hiyo na sisi tusiosali tulikuwa na zamu yetu 😂

Mama: Mtoto ndiyo kwanza ametua, mmeshaanza.

Da Tatu: Upendo mdogo wangu, mimi na wenzangu wa kazini tunakuja huko mwezi ujao, tuko watano, siku tatu tu. Nieleze kila kitu kama kilivyo, foleni na yote. Nimeshaandika sehemu 11 za kutembelea.

Upendo: Kumi na moja kwa siku tatu?? Da Tatu, ngoja kwanza nirudi kesho nikwambie.

*ALHAMISI*

Upendo: [picha 7]

Baraka: Picha zote ni dari. Nyie watu mko wapi?

Upendo: Ukiingia mle hujikumbuki. Haya, nimekaa, miguu imevimba, nawasimulia.

Upendo: Mlangoni tulitenganishwa, na hilo sikulitegemea kabisa. Tangu Januari 2024 mgeni anayekuja kutazama ana mlango wake. Analipa yuro 25 na anaishia roshani ya juu. Chini ni kwa wanaoingia kuswali, na hao hawalipi. Zainabu na Saumu walikuwa wametia udhu, adhuhuri ilikuwa inakaribia, wakapita zao kwa waumini. Mimi na Petro tukabaki kwenye foleni tunatazamana.

Da Tatu: Yaani mmesafiri pamoja safari yote hiyo halafu mkaachana mlangoni!

Upendo: Ndiyo hivyo. Tukapanda juu, tukaenda moja kwa moja kwenye ukingo wa marumaru kuchungulia chini. Na kuba bado liko mbali juu yako, maana kutoka sakafuni ni kama mita 55. Chini yake kuna madirisha 40 yamezunguka duara zima. Mwanga unaingia hapo hadi unaona kuba kama halikuegemea kitu.

Mjomba Tobias: Lilishawahi kuanguka hilo. Mwaka 558, baada ya matetemeko. Wakalijenga upya, likainuliwa zaidi ili lisisukume kuta kwa nje.

Upendo: Mjomba nawe unajua. Ila mimi kilichonishika siyo kuba, ni zulia. Limetandikwa mshazari! Mistari yake haifuati jengo. Jengo linatazama kwake, Makka iko kulia zaidi, basi mihirabu haikukaa katikati, imesogezwa, na safu za wanaoswali zinakata ukumbi kwa upande. Chini labda huoni sana. Ukiwa juu unaona majengo mawili ndani ya moja.

Upendo: Nikamtafuta Zainabu kwa mtandio wake wa manjano. Nikamwona pembeni kwa wanawake, paji la uso chini, na Saumu ubavuni kwake. Nilikuwa nimeshanyanyua simu nipige picha, nikaishusha. Petro naye akavua kofia, na hakuna aliyemwambia.

Shangazi Hawa: MashaAllah. Mungu awapokelee.

Mama: 🙏🏾

Mjomba Tobias: Na Bikira Maria juu ya altare? Bado yupo?

Upendo: Yupo mjomba, na Mtoto mapajani, juu kabisa ya mihirabu. Kwa chini kumewekwa pazia ili wanaoswali wasielekee picha. Ukiwa huku juu na ukisogea pembeni, unamwona kwa ubavu. Kuna mtu alisimama pale akiinamisha shingo kama anachungulia dirisha la jirani. Mtu huyo ni mimi.

Baraka: 😂😂

Upendo: Roshani ya kusini ndiyo yenye mambo. Kuna mozaiki ya Kristo katikati, Maria na Yohane Mbatizaji kila upande. Sehemu ya chini imebanduka yote, umebaki uso na mkono. Vijiwe vyake ni vidogo kuliko punje ya mchele. Ukisogea ni rangi rangi tu, ukirudi nyuma hatua tatu uso unakutazama.

Upendo: Halafu kuna Malkia Zoe na mumewe, Kristo katikati yao. Huyu mama aliolewa mara tatu, na kichwa cha mume kwenye ukuta kikabadilishwa, na jina lake likaandikwa upya juu. Aliyebaki ukutani ni Konstantino wa Tisa.

Da Tatu: Mwanamke mwenye akili. Kwa nini ununue fremu mpya?

Mama: Tatu!!

Upendo: Hatua chache mbele sakafuni kuna jiwe limechongwa HENRICUS DANDOLO. Mjomba hapa ni pako.

Mjomba Tobias: Najua. Mtawala wa Venisi. Vita ya Msalaba ya nne, 1204. Wakristo wakaja kupora kanisa la Wakristo wenzao. Alikufa 1205, akazikwa humo.

Upendo: Jiwe lenyewe liliwekwa karne ya 19, kaburi halisi halipo tena. Watu wanalipita tu wakitafuta pa kupigia picha.

Shangazi Hawa: Hilo shemeji hukulitaja jana.

Mjomba Tobias: Jana nilikuwa naanza mada.

Upendo: Na Baraka, kuna mwenzako. Juu ya ukingo wa marumaru, ndani ya kioo, kuna mikwaruzo ya herufi za watu wa kaskazini ya Ulaya, wale Waviking waliokuja kuwa askari walinzi wa kaizari. Kinachosomeka vizuri ni jina tu, Halfdan. Mengine yamefutika. Wanadhani alimaanisha "Halfdan alichonga hapa".

Baraka: Yaani jamaa kaletwa kulinda ibada, akachoka, akatoa kisu 😂😂😂 Miaka elfu na zaidi baadaye anawekewa kioo. Mimi ningefungwa.

*IJUMAA*

Upendo: Leo tumekosea. Tumefika Msikiti wa Sultan Ahmed asubuhi, tunakuta umefungwa kwa wageni. Ijumaa hadi sala ya mchana iishe. Na siku nyingine wanafunga kila wakati wa sala, ukikosea saa unasubiri nje. Da Tatu, tafuta saa za sala za siku hiyo kabla hujaamka kitandani. Foleni yote ya mji huu inafuata sala.

Da Tatu: Nimeandika.

Shangazi Hawa: Huo ndio wenye minara sita. Nasikia sultani alisema *altın*, yaani dhahabu, fundi akasikia *altı*, yaani sita. Ndiyo ikawa sita.

Baraka: Shangazi, fundi gani anajenga minara sita kwa kusikia vibaya? Hata wa kwetu angepiga simu kuuliza.

Shangazi Hawa: Ndivyo wanavyosimulia, mimi sikuwepo.

Upendo: Hata mwongozaji wetu kaisimulia, halafu akacheka mwenyewe. Msikiti ulianza 1609, ukamalizika 1616 hivi. Ndani una vigae zaidi ya 20,000 vilivyotengenezwa mji wa Iznik, vizuri zaidi viko juu ambako jicho halifiki vizuri. Nguzo nne zinazobeba kuba ni nene mno, wanaziita miguu ya tembo. Mimi nikisema ukweli ulinichosha. Watu wengi, simu juu, na harufu ya soksi.

Mama: Upendo!

Upendo: Samahani mama. Lakini jioni tulikwenda Süleymaniye, hapo ndipo nilipotaka kukaa. Mjenzi ni Sinan, ulijengwa 1550 hadi 1557, uko juu ya kilima, na watu walikuwa wachache. Zamani palikuwa na mamia ya taa za mafuta, na moshi wake ungeharibu kuta. Basi Sinan alipanga hewa ivute moshi hadi chumba kimoja juu ya mlango, masizi yakajikusanya huko, na yakakwanguliwa kutengenezea wino.

Shangazi Hawa: Subhanallah. Moshi wa taa ukaandikie vitabu!

Upendo: Saumu alikaa chini ya kuba nusu saa nzima bila kusema neno, na mnamjua Saumu. Halafu tunatoka, viatu vya Petro havipo rafuni. Kuna pea inayofanana na yake, ndogo kwa namba mbili.

Baraka: Petro tena 😂

Upendo: Alikuwa ameanza kuteremka kilima kama anakanyaga miiba, mara mzee mmoja anakuja mbio, naye viatu vinampwaya. Wakabadilishana njiani, mzee akamkumbatia. Hakuna aliyeelewa lugha ya mwenzake.

*JUMAMOSI*

Upendo: Leo mitaa ya Fener na Balat, kando ya Pembe ya Dhahabu, ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Mjomba, leo zamu yako.

Mjomba Tobias: Nimekaa.

Upendo: Makao ya Patriaki wa Konstantinopoli, askofu mkuu wa Waorthodoksi, ni kanisa la Mtakatifu Jorji. Kwa nje ni dogo, ungelipita ukidhani ni nyumba ya mtu mwenye uwezo. Lango la katikati limefungwa tangu 1821, tangu Patriaki Gregori wa Tano aliponyongwa hapo. Unaingilia la pembeni.

Mjomba Tobias: Mle ndani kuna masalia ya Yohane Krisostomo na Gregori wa Nazianzo, watakatifu waliokuwa maaskofu wa mji huo zamani. Yalikuwa Roma karne na karne. Papa Yohane Paulo wa Pili ndiye aliyeyarudisha, Novemba 2004.

Upendo: Nimeyaona. Kuna bibi mmoja alikuwa anaweka paji la uso kwenye sanduku, anaondoka, anarudi tena. Zainabu akaniuliza kwa sauti ya chini, "huyu anamwomba nini?" Nikamwambia sijui, ila haonekani kuwa na haraka. Tukasubiri nyuma ya bibi.

Upendo: Mbele kidogo kuna kanisa la Wabulgaria, Mtakatifu Stefano. Ni la CHUMA. Kuta chuma, nguzo chuma, hadi maua ya urembo. Ardhi ya pale ufukweni ni laini, jengo la mawe lingezama, basi vipande vilitengenezwa Vienna, vikasafirishwa kwa mto Danube na Bahari Nyeusi, vikaja kufungwa kwa bolti. Lilifunguliwa 1898.

Baraka: Usinidanganye.

Upendo: Petro naye alikataa. Akatoa ile sumaku ya jokofu aliyonunua zawadi, akaigusisha ukutani. Tap! Imeganda. Msimamizi akatutazama, tukadhani tumefukuzwa. Akatikisa kichwa tu, nadhani kila siku anaiona.

Da Tatu: Na sinagogi? Kwenye orodha yangu nina Ahrida.

Upendo: Hatukuingia. Huwa wanataka uombe ruhusa mapema na utume nakala ya pasipoti, sisi tukaenda kugonga tu kama tunaenda kwa jirani. Kosa letu. Wewe omba kabla hujasafiri.

Upendo: Jioni tukamalizia Kariye. Hili nalo lilikuwa kanisa, msikiti, makumbusho, na tangu Mei 2024 msikiti tena. Ukipunguza orodha, hili usiliguse. Dogo, liko mbali kidogo na watalii, na kuta zote zimejaa picha. Aliyegharamia, Theodoro Metokite, yuko kwenye mozaiki mlangoni kwa ndani amepiga magoti, kavaa kofia kubwa kama boga, anampa Kristo mfano wa kanisa mkononi.

Upendo: Chumba cha pembeni, ukutani kwenye mduara wa mwisho, Kristo anawatoa Adamu na Hawa makaburini. Amevaa meupe, mguu mmoja mbele kama anayevuta mtu kutoka kisimani. Tazameni mikono kwenye picha. Hajawashika viganja. Amewashika vifundo vya mikono.

Upendo: [picha]

Mjomba Tobias: Mtu ukimshika kiganja anaweza kukuachia.

Shangazi Hawa: Na huyo Hawa nguo yake nyekundu imependeza.

Mama: Upendo, hii picha nitaitoa studio.

Da Tatu: Haya nimekata orodha. Siku ya kwanza Hagia Sophia na Süleymaniye. Ya pili Fener, kanisa la chuma, Kariye. Ya tatu sijaweka kitu. Sultan Ahmed nitautazama kwa nje nikipita.

Upendo: Sasa umesema. Na vaeni viatu vya kuvuliwa haraka, mtandio uwe kwenye mkoba muda wote.

Baraka: Niko kwa Bibi, nimemsomea yote toka Jumatano. Anauliza, yule Halfdan alipochonga jina kwenye jiwe la watu, hakuna aliyemchapa?

Upendo: Mwambie Bibi hakuna anayejua 😂

Baraka: Sasa ananiuliza mimi na lile "BARAKA" nililoandika kwenye saruji mbichi ya baraza yake. Anasema lina miaka 14 na hajaniwekea kioo.

Mama: Hahaha. Mwambie aendelee hivyo hivyo.

Baraka: Amekwenda kuchukua fimbo. Nawaaga.