Misindano ya maotea: ile myembamba ni midogo kwa umri, au imedumaa?

Kijana wa Mufindi:
Wakuu, naomba msaada. Tuna ekari mbili za misindano, aina ya patula. Hatukupanda. Miti ya mzee ilivunwa, matawi yakachomwa, mvua zilipoanza miche ikaota yenyewe. Huu mwaka wa sita. Kuna iliyonenepa kama paja, na kuna fito ambazo kiganja kinazizunguka. Tena zina mpangilio: minene iko kandokando ya barabara ya kuzuia moto na kwenye mapengo, myembamba imesongamana katikati. Mzee anasema hiyo iliota baadaye, tuiache ikue. Mimi nasita. Umri nitaujuaje, nihesabu ngazi za matawi?

Bwana Miti:
Mpe mzee shikamoo yangu, ila hapo sikubaliani naye. Koni za patula, yale matunda magumu yenye mbegu, hukaa zimefungwa mtini miaka mingi, joto la moto au jua kali ndilo huzifungua. Kwako zilifunguka karibu kwa pamoja, na mvua zilezile zikaotesha mbegu. Mingi itakuwa rika moja, ikipishana sana ni mwaka. Kinachotofautiana ni majirani. Koni zilipolala nyingi, miche ilibanana, na sasa inanyang'anyana mwanga na maji.

Ngazi usihesabu, patula hutoa zaidi ya moja kwa mwaka. Kata mmoja mwembamba na mmoja mnene, chini kabisa kwenye udongo, ulainishe kisiki kwa panga kali, kisha uhesabu pete za umri. Kwenye mwembamba utaona pete za karibu na moyo ni pana, halafu zinabanana kuelekea gome. Ulianza vizuri kama wenzake, ukaja kufunikwa. Kuusubiri ni kupoteza miaka.

Mama Mbao:
Kijana, usije ukafyeka yote kwa mpigo. Miti iliyokulia kwenye msongamano ni mirefu na haina unene wa kuhimili, ukiiacha peke yake ghafla upepo unailaza. Punguza kwa awamu. Na hiyo minene ya pembeni isikudanganye, ina matawi makubwa hadi chini. Usipoipogolea mapema, mbao itajaa vifundo na bei itashuka.

Kijana wa Mufindi:
Asanteni sana. Nimekata miwili jana na mzee akiwepo, idadi ya pete imelingana. Za mwembamba, tatu za mwisho sikuzitenganisha vizuri mpaka nilipomwagia maji. Sasa niache mingapi?

Bwana Miti:
Lengo la mwisho ni mita 3 kwa 3, yaani kama 450 kwa ekari, lakini usivute kamba kama shamba la kupanda. Kila kichaka chagua ulionyooka wenye kilele kizima, ondoa kwanza inayougusa, kisha rudi baada ya msimu mmoja au miwili. Pengo likiwa kubwa, panda miche ya kitalu mvua za mwanzo. Chini ya kivuli cha minene usipande kitu, patula haivumilii.