Naomba ushauri: furaha ya tahajudi (kutafakari, meditation) inayeyuka nikiitambua tu

Habari zenu wapendwa. Nina miezi minane nafuata pumzi kama Buddha alivyofundisha katika Anapanasati Sutta, hotuba yake kuhusu kuizingatia pumzi: hatua 16, ya tano kuihisi piti, ile furaha yenye msisimko, ya sita sukha, raha tulivu.

Juzi alfajiri, baada ya dakika kama 20, vinyweleo vilisimama, joto laini likapanda kutoka viganjani hadi mabegani, machozi yakanitoka. Nikajiambia, "Ndiyo hii!" Papo hapo ikayeyuka. Tangu siku hiyo kila nikikaa naisubiri, nabaki nimekaza taya tu. Nahisi tamaa yangu ndiyo inayoifukuza.

Mliopita hapa, ikija mnaielekezea akili yote au mnabaki na pumzi puani? Na kuanza na metta, yaani kuwatakia wote mema moyoni, kunasaidia? Naombeni mnielekeze.