Trima ya kuegemea bega au ya kuanzia kitakoni? Maganda ya .308

ShabahaNjema
Wakuu habari za humu. Naomba msaada wa kuchagua. Najaza risasi zangu mwenyewe za .308 Winchester, raifo ni ya bolti, maganda ninayo mia mbili na kitu, yameshapigwa mara nne. Nikishayapitisha kwenye dai (kile chuma cha kulirudisha ganda kwenye saizi yake) nakuta yamerefuka, leo nimepima kumi yanacheza kati ya 51.22 na 51.30 mm wakati mwisho ni 51.18. Mpaka sasa natumia trima, yaani kifaa cha kupunguza urefu wa ganda, ile ya Lee ya pini na kikataji, inakata vizuri sina neno nayo ila ukifika ganda la hamsini mkono unakufa ganzi. Nafikiria ya kufunga kwenye drili inayoegemea bega la ganda, pale mwili unapobana kuelekea shingoni, au lethi ndogo ya mkono, au nijipinde kabisa nichukue ya mota kama Giraud. Waliotumia zaidi ya moja mnilinganishie, hasa usawa wa urefu, spidi siyo shida sana.

Fundi_Lethi
Mkuu, hizi mashine zote angalia kwanza zinaanzia kupima wapi. Hiyo ya Lee pini inapita tundu la fataki (kile kiwashio cha kitakoni) inaenda kugota kwenye kishikio cha ganda, kwa hiyo urefu unahesabiwa kutoka kitakoni moja kwa moja na hakuna skrubu ya kulegea. Lethi za mkono nyingi nazo zinaanzia kitakoni ila zinabana ukingo wa ganda, na hapo ndo penye kasheshe, ukingo ukiwa na kinundu au una uchafu ganda linakaa upande na urefu unakwenda nao. Mi nilikuwa napata tofauti ya 0.05 mpaka 0.08 mm kwenye fungu moja, nikaanza kufuta kila kitako na kulizungusha ganda kidogo kabla sijakaza ndo ikatulia. Lethi ya Wilson haibani ukingo, ganda unaligonga polepole kwenye holda linakaa kwa wembamba wa mwili wake, linanyooka lenyewe bila hata pini ya shingoni. Ni ya taratibu kweli, lakini kama unachotafuta ni usawa mi bado niko nayo.

Dada_Kalipa
Niko na ya drili mwaka wa tatu sasa. Unasukuma ganda, unasikia kisu kinakata, kikinyamaza unazungusha robo unatoa, hata sekunde kumi hazifiki. Ila ujue inapima kutoka begani, haijui kitako kiko wapi, kwa hiyo bega likitofautiana na urefu nao unatofautiana. Lazima maganda yote yawe yamepita dai kwanza, tena dai ileile iliyosetiwa vilevile. Halafu vumbi la shaba linajikusanya ndani pale bega linapokaa, usipolipuliza utaona maganda ya mwisho yanatoka marefu kuliko ya mwanzo, mimi napuliza kila baada ya ishirini. Na mafuta ya kusaizia, yale unayopaka ganda kabla ya dai, yafutwe kabisa maana yanashika hilo vumbi kama gundi.

msasa_laini
Giraud inakata na kuchamfa mdomo (kuondoa ukali wa ukingo) ndani na nje kwa mpigo mmoja, na hapo ndo wakati mwingi unaokolewa, maana kukata siyo kazi, kazi ni kushika kila ganda tena na tena kutoa ncha za mdomoni. Nayo inaegemea bega, kwa hiyo yote aliyosema dada hapo juu yanahusu. Kwa maganda mia mbili naona ni kubwa mno kwako.

JichoMoja
Naongeza la kupima maana watu wanalaumu trima kumbe ni kalipa, kile kipimio cha taya. Funga taya, zungushia sifuri, pima kitu unachokijua urefu, rudia kila baada ya maganda kadhaa. Betri ikichoka namba zinaanza kuruka. Ganda lisimame sawa katikati ya taya, lizungushe usome mara mbili tatu uchukue namba ndogo, maana likiinama kidogo tu namba inapanda. Na usipime lenye fataki iliyopigwa bado iko ndani, wakati mwingine imechomoza unapima fataki badala ya ganda. Pima baada ya dai, siyo kabla, dai yenyewe ndo inayorefusha.

ShabahaNjema
Asanteni sana. Hilo la fataki nilikuwa silijui, ila zangu zilikuwa zimetoka. Kwa hiyo naelekea Wilson au ya drili. Swali la ziada, mara ya mwisho nilikata yote mpaka 50.93, ni kawaida kukata kila baada ya kupiga mara moja?

Mzee_wa_Presi
Kijana simama hapo kwanza usinunue kitu. Ulikata 50.93, ukapiga mara moja, sasa ni 51.22 hadi 51.30? Hiyo ni 0.3 mm kwa mpigo mmoja. Raifo yangu ya .308 inachukua mipigo mitatu minne kufika huko. Nahisi dai yako inalirudisha bega nyuma kupita kiasi. Ukipiga, mwili wa mbele unang'ang'ania ukuta wa chemba (pale ganda linapokaa ndani ya mtutu) halafu kitako kinarudi nyuma kutafuta bolti, panapovutika ni pale juu kidogo ya kitako. Ukisaizi tena bega linasukumwa na shaba inakimbilia shingoni. Hiyo shaba unayoikata mdomoni imetoka kule chini, ganda linakonda kila mzunguko, siku moja linakatika vipande viwili ndani ya chemba na gesi inarudi usoni kwako.

Chukua ganda lililopigwa kwenye raifo yako, toa fataki, weka kipimio cha bega kwenye kalipa. Kama huna, kipande cha chuma chenye tundu la 10 mm kilichokatwa sawa kinatosha, huhitaji namba halisi unahitaji tofauti. Pima, pitisha kwenye dai, pima tena. Kwa bolti bega kurudi 0.05 mm inatosha. Halafu chukua waya mwembamba upinde ncha, uchonge iwe kali, kwaruza ndani kuelekea kitakoni. Ncha ikidumbukia kwenye mfereji hilo ganda limekwisha, hata kama kwa nje linang'aa.

Dada_Kalipa
Mzee amesema kweli. Na ukingoja uone mstari mweupe kwa nje ujue umeshachelewa. Angalia pia kile kitunguu cha dai kinachopanua shingo, kikitoka kavu kinalia na kinavuta shingo juu, paka mafuta kidogo ndani ya shingo kwa brashi.

Mzee_wa_Presi
Na hayo ya 51.30 usiyajaze kabisa kabla hujayakata. Mdomo ukigonga mwisho wa chemba unakibana kichwa cha risasi kisiachie, presha inapanda vibaya.

ShabahaNjema
Nimerudi. Nimepima matano, bega lilikuwa linarudi 0.18 mpaka 0.20 mm. Nilikuwa nimeikaza dai mpaka iguse kishikio halafu robo mzunguko zaidi, nilifundishwa hivyo tangu mwanzo sikuwahi kuuliza. Nimeilegeza kidogo kidogo sasa iko 0.05 na bolti inafunga laini. Nimepitisha waya kwenye maganda yote, kumi na moja yana mfereji, mawili ukiyaangalia vizuri kwenye mwanga yana mstari kwa nje. Mikono imenitetemeka kidogo, haya haya ndo nilikuwa nataka kuyakata niyajaze wikiendi.

Trima itasubiri, hii ya Lee itanitosha mpaka nione yanarefuka kiasi gani na seti mpya ya dai.

Mzee_wa_Presi
Hayo kumi na moja usiyaweke pembeni, yatarudi kwenye boksi.

ShabahaNjema
Nimeshayaponda kwa koleo mzee, yote.