Santuri ya soul isiyo na mwaka: nitajuaje ni halisi, na mwimbaji nimtafute vipi?

Msikilizaji45

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaozifahamu santuri za soul za Marekani za miaka ya 1960.

Santuri ni ya inchi 7, ya lebo (kampuni) ndogo ya Detroit ambayo haimo kwenye orodha nilizopitia. Mwaka haukuandikwa. Mwimbaji ni mwanamke, na limewekwa jina lake la kwanza tu, la ukoo hakuna. Chini ya jina la wimbo kuna mabano yenye majina mawili ya ukoo, halafu jina la kampuni ya hakimiliki na herufi BMI. Kwenye ile sehemu laini kati ya mfereji wa mwisho na karatasi ya lebo, kumechorwa kwa mkono namba ya santuri na herufi ARP. Sauti inakwaruza, hasa kwenye kiitikio.

Nauliza matatu: ni nakala ya kwanza au ya kugushi? Niisafishe kwa kitu gani? Na huyu mama, au familia yake, nitawapataje? Kutafuta jina lake mtandaoni hakujanipa kitu.

Sindano

Mkuu, anza na taa kabla ya kuishusha sindano. Zima taa ya dari, shika taa ndogo pembeni ili mwanga ulale juu ya santuri, kisha izungushe polepole. Maandishi mengine ya eneo lile laini ni membamba mno, na mwanga wa kutoka juu huyafuta kabisa. Nakili kila alama, hata mchirizi unaodhani ni mkwaruzo.

ARP ni Archer Record Pressing, kiwanda cha Detroit kilichofunguliwa 1965. Hiyo inakupa mpaka wa nyuma. Mpaka wa mbele haikupi, kwa sababu kiwanda hicho kiliendelea kufyatua santuri hadi karne hii.

Kwa wengine watakaosoma hapa: pembetatu ndogo ikifuatwa na namba ni kiwanda cha Monarch cha Los Angeles. Namba zao hupanda kadiri miaka inavyosonga, na upande wa pili hubeba namba ileile ikiongezwa x. Ukiwa na santuri mbili ambazo tarehe zake zinajulikana, unaibana yako katikati. Kazi ambazo kampuni ya RCA ilizifyatua kwa niaba ya lebo za watu wengine zina herufi ya mwaka mwanzoni mwa namba: S ni 1965, T 1966, U 1967, W 1968, X 1969. V waliiruka. Muhuri wa NASHVILLE MATRIX unasema bamba la kufyatulia lilitengenezwa wapi, hausemi wimbo uliimbiwa wapi. Hapo ndipo waimbaji kadhaa wa majimbo mengine walipogeuzwa watu wa Nashville kwenye orodha za wakusanyaji.

Sasa nakala bandia. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 uangalie lebo. Lebo ya asili ilichapwa kwa wino mzito, na kingo za herufi ni kali. Mgushi alipiga picha lebo ya mtu mwingine, kwa hiyo maandishi madogo ndiyo huharibika kwanza: mabano ya watunzi, anwani, na tundu la ndani ya herufi "e" na "a" lililoziba. Ukiona rangi imeundwa na vitone vidogovidogo, ogopa. Kisha sikiliza sekunde zile kabla wimbo haujaanza. Bandia nyingi zilinakiliwa kutoka santuri nyingine, si kutoka utepe wa studio, kwa hiyo utasikia mchakacho wa mifereji ya santuri ile ya kwanza ukianza ghafla na kukatika ghafla mwishoni. Mlio wa "tik" ambao haubadiliki hata baada ya kuosha, na ambao mwenye nakala nyingine anausikia palepale, umefyatuliwa pamoja na wimbo.

Jambo la mwisho linagusa swali lako la tatu. Usiliamini sana jina la mwimbaji. Madijei wa klabu za kaskazini mwa Uingereza zilizocheza soul adimu ya Marekani, zama za Twisted Wheel ya Manchester hadi Wigan Casino (1973 hadi 1981), walibandika karatasi juu ya lebo na kutunga jina jingine la mwimbaji na la wimbo, ili wapinzani wao wasijue cha kutafuta. Majina hayo ya uongo yameingia kwenye orodha nyingi. Hata santuri maarufu kuliko zote za fani hii, "Do I Love You (Indeed I Do)" ya Frank Wilson, ambayo nakala moja yake iliuzwa kwa pauni 25,742 mwaka 2009, ilitolewa kwa wizi miaka ya 1970 kwa jina la Eddie Foster. Ukimtafuta Eddie Foster kwa sauti ile utazeeka.

Mifereji

Nijibu la usafi. Kwanza ujue umeshika kitu gani. Santuri za inchi 7 za Marekani ni za aina mbili, vinili na polistirini. Iweke kwenye kidole kupitia tundu la kati, igonge ukingoni kwa ukucha. Vinili hutoa mlio mzito uliofifia. Polistirini hulia juu, kama kikombe kigumu cha plastiki. Usijaribu kuikunja ili upime, polistirini hupasuka. Lebo nayo inasema: kwenye vinili karatasi imefyatuliwa pamoja na santuri na imezama, kwenye polistirini imegundishwa juu na huanza kubanduka ikilowa.

Ikiwa ni vinili, kama ninavyotegemea kwa Archer: lita 1 ya maji yaliyokenekwa, matone 2 ya sabuni ya maji isiyo na manukato, brashi laini. Fuata mzunguko wa mifereji, usikate katikati. Suuza kwa maji mengine yaliyokenekwa, kausha kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, iache imesimama nusu saa. Lebo isiguswe na maji. Maji ya bomba yanaacha chumvi ndani ya mfereji, na hiyo chumvi ndiyo mchakacho mpya ambao watu huulaumu kwa santuri. Kwa polistirini usitie spiriti ya aina yoyote.

Lakini umesema inakwaruza "hasa kwenye kiitikio". Hilo linanitia wasiwasi. Uchafu hukwaruza kote kwa bahati nasibu. Mkwaruzo unaokuja sauti inapopanda, hasa kwenye herufi "s" za mwimbaji, mara nyingi ni ukuta wa mfereji uliolika kwa mikono mizito ya mashine za zamani. Hakuna sabuni ya hilo. Linaloweza kusaidia ni sindano ya umbo jingine: iliyochongwa duara ikikwaruza, jaribu ya duaradufu, kwa kuwa hugusa ukuta mahali ambapo ile ya zamani haikufika. Uzito weka alioandika mtengenezaji wa sindano, kwa kawaida karibu gramu 2. Watu hupunguza wakidhani wanaihurumia santuri, kumbe sindano nyepesi mno hurukaruka na kuupiga ukuta vibaya zaidi.

Ikishakuwa safi, irekodi kwenye kompyuta mara moja kwa ubora wa juu, biti 24, kisha ipumzishe. Utahitaji hiyo rekodi, Karani atakuambia kwa nini.

Karani

Nimekuja. Msikilizaji45, jina la mwimbaji ndilo dalili dhaifu kuliko zote kwenye lebo hiyo. Dalili yenye nguvu ni yale mabano.

Hatua ya kwanza ni Songview, hifadhidata ya pamoja ya BMI na ASCAP, mashirika ya Marekani yanayokusanya mirabaha ya watunzi. Tafuta kwa jina la wimbo, kisha chuja hadi upate ulio na koo zote mbili za kwenye mabano. Nyimbo zenye jina moja ni nyingi mno, usikubali ulingano wa ukoo mmoja. Hapo utapata majina kamili ya watunzi. Kumbuka kwamba wenye lebo ndogo walizoea kujiweka kwenye mabano bila kuandika hata mstari, kwa hiyo mmoja wa hao wawili anaweza kuwa tajiri tu. Yule mwingine ndiye wa kumfuata.

Hatua ya pili wengi huiruka, nami naiona kuwa moyo wa kazi yote. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilichapisha daftari la nyimbo zilizosajiliwa, na majalada yake hadi 1977 yamepigwa picha na yako bure kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Kila jalada la muziki la miaka hiyo linabeba nusu mwaka. Ukiukuta wimbo wako, mstari wake utasomeka hivi: jina la wimbo, watunzi, alama © na jina la mdai haki, tarehe iliyobanwa kwa mtindo wa 14Mar66, kisha namba inayoanza na EU au EP. EP ni wimbo uliochapishwa kama noti za kuuza. EU ni ambao haukuchapishwa, na nyimbo za lebo ndogo nyingi ziko huko, kwa sababu ilitosha kupeleka karatasi moja ya noti na ada. Tarehe hiyo huwa karibu na siku ya kurekodi. Utafutaji wa maneno ndani ya picha hukosea herufi, hivyo usipopata, fungua ukurasa wa herufi husika usome kwa macho, na upitie jalada la kabla na la baada.

Kwa wanawake kikwazo ni ndoa. Aliimba kwa jina la nyumbani, akaolewa, akapotea kwenye karatasi. Faharasa ya maombi na madai ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani), inayogusa 1936 hadi 2007, huonyesha mabadiliko ya majina na mara nyingi majina ya wazazi, ingawa waliomo wengi ni marehemu. Sensa ya 1950 ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022, baada ya miaka 72 ya kisheria. Mwimbaji wa miaka 20 mwaka 1966 ni mtoto wa miaka 4 humo, kwa hiyo tafuta kaya ya wazazi.

Kwa Detroit kuna bahati ya pekee: maktaba ya umma ya mji ina mkusanyiko wa E. Azalia Hackley, ulioanzishwa 1943 kwa ajili ya wasanii Weusi wa jukwaani. Mkutubi mwandikie swali jembamba: jina, mwaka, lebo. Ukimwandikia "nisaidie kumjua mwimbaji huyu" utapata jibu la adabu lisilo na kitu. Pitia pia matangazo ya klabu kwenye gazeti la Michigan Chronicle, na usiache ya makanisani. Wengi walianzia kwaya na vikundi vya injili, na huko waliandikwa majina yao kamili. Billboard na Cash Box, majarida ya biashara ya muziki, za miaka hiyo zinasomeka mtandaoni; mara nyingine uhakiki wa mistari miwili ndio pekee wenye anwani ya lebo.

Sindano

Niongeze onyo kwa Karani: usimzike mtu kwa sababu jina lake limeonekana kwenye orodha ya vifo. Howard Tate, mwenye "Get It While You Can" ya 1967, aliaminika na wengi kuwa amekufa, hadi alipopatikana hai New Jersey mwaka 2001. Albamu yake ya kurudi ilitoka 2003. Taka ulingano wa vitu vitatu angalau: mwaka wa kuzaliwa, mji, na ndugu au wimbo.

Msikilizaji45

Asanteni sana wakuu. Mlio wa ukucha ni mzito, kwa hiyo ni vinili. Kwenye lenzi herufi ni kali, vitone hakuna. Wimbo nimeupata kwenye jalada la nusu ya kwanza ya 1968, namba ya EU, tarehe ya Mei. Mtunzi wa pili ana jina la kwanza sawa na la mwimbaji. Sasa nikimpata, nianzeje?

Karani

Hongera, basi mtunzi na mwimbaji huenda ni mtu mmoja, na hilo linabadilisha uzito wa tarehe uliyoipata.

Mwandikie barua ya karatasi, ukurasa mmoja, ukimwamkia kama mtu mzima anavyostahili. Tia ndani ile rekodi uliyoihamisha. Waimbaji wengi hawana nakala hata moja ya santuri zao wenyewe. Uliza swali moja tu. Usiulize kama ana boksi la santuri chini ya kitanda, na anwani yake usiiweke popote.

Kisha mweleze fedha. Tangu sheria ya Music Modernization Act ya 2018, rekodi za kabla ya 15 Februari 1972 nazo hulipwa zinapochezwa kwenye redio za kidijitali Marekani. Shirika la SoundExchange ndilo linalogawa: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa mwimbaji mkuu, 5 kwa wanamuziki na waitikiaji. Kujisajili ni bure, hahitaji dalali. Waliopiga ala na kuitikia watazame orodha ya mfuko wa AFM na SAG-AFTRA (vyama vya wanamuziki na waimbaji) wa fedha ambazo hazijadaiwa.

La utunzi lina saa inayokimbia. Mtunzi aliyesalimisha haki zake kabla ya 1978, au mjane na watoto wake, anaweza kuzirudisha miaka 56 ikitimia, ndani ya dirisha la miaka 5, na notisi lazima itangulie kwa miaka 2 hadi 10. Wimbo wa EU huhesabiwa kuanzia usajili. Kwa Mei 1968 dirisha ni Mei 2024 hadi Mei 2029, hivyo notisi ya mwisho kabisa ni Mei 2027. Kama alikuwa mwajiriwa wa lebo kwa kazi ya kutunga, haki hiyo haipo, na hapo mwanasheria wa hakimiliki ndiye wa kusoma mkataba. Nakili ule mstari wa daftari kama ulivyo, pamoja na namba yake ya EU, uutie kwenye bahasha ileile.