Liquid Sky: tusifie mavazi na kuufumbia macho ubakaji?

Wadau, kila filamu hii ya mwaka 1982 inapotajwa, watu hugawanyika. Wapo wanaosema ni onyesho la mitindo lililobandikwa hadithi ya viumbe wa anga za mbali, kwa hiyo tufurahie nywele na vipodozi basi. Wengine wanataka isionyeshwe tena kabisa, maana Margaret, mhusika mkuu, anabakwa mbele ya kamera. Napingana na pande zote mbili, ila wa kwanza nawapinga zaidi.

Kwa ambaye hajaiona: chombo kidogo, ukubwa wa sahani ya chakula, kinatua juu ya paa la ghorofa anamoishi Margaret jijini New York. Viumbe waliomo wamefuata heroini, kisha wanagundua kuwa kemikali wanayoitaka hutoka kwenye ubongo wa binadamu anapofika kileleni. Wanaolala na Margaret wanaanza kufa mmoja mmoja. Mwongozaji ni Slava Tsukerman, aliyehama Muungano wa Kisovieti. Anne Carlisle, mmoja wa waandishi wake, anacheza Margaret na pia Jimmy, mwanamitindo wa kiume anayemdharau Margaret waziwazi.

Sasa angalieni tukio la kupiga picha za mitindo. Chumba kimejaa wapiga picha, wapambaji na wapambe wao, wanamchochea Margaret afanye ngono na Jimmy hapo hapo wakitazama. Jimmy naye anauawa na viumbe wale, anatoweka. Waliokuwa wakichochea ni watu wa mitindo wenyewe! Filamu imewashtaki hadharani, halafu sisi tunazichukua rangi za nyuso zao tukaziita urithi?

Baadaye Margaret anajipaka usoni rangi zinazong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Huku akipaka anasimulia alivyolelewa Connecticut akifundishwa kumngoja mwanamume wa kumwoa, na alivyofika New York akafundishwa kumngoja wakala wa kumpa nafasi ya kuigiza, riziki yake ikiwa kuhudumia meza. Brashi haitulii, na uso unazidi kuwa wa kutisha kadiri maneno yanavyozidi kuwa machungu. Ukiiga michoro ile ukaacha simulizi, umechukua nini hasa?

Wanaotaka ifungiwe wana hoja nzito. Udhalilishaji unajirudia mno, na kuna mahali naona kamera inakawia kuliko inavyohitajika. Lakini Carlisle alishiriki kuyaandika maneno ya Margaret, na hasira iliyomo ni ya mwanamke anayejua anachokisema. Ukiifungia, hiyo hasira nayo inafungiwa. Mtazamaji apewe onyo la wazi kabla filamu haijaanza, aamue mwenyewe kubaki au kutoka.

Ninyi mnaopanga maonyesho ya filamu au kutumia picha zake kwenye mitindo: huwa mnawaambia watu yaliyompata Margaret, au mnawaonyesha rangi tu?