Tupeane uzoefu: muvi za mapigano za miaka ya 80 ambazo hadi leo zinashika

Mzee wa Kanda
Wakuu, salamu. Nimeirudia Die Hard (1988), na pale jambazi mkuu Hans Gruber anapodondoka dirishani nikasimamisha picha nimtazame usoni. Ule mshtuko si wa kuigiza. Alan Rickman aliachiwa kweli kutoka juu, mgongo ukitangulia, akaangukia mfuko wa hewa. Inavyosimuliwa, walikubaliana wahesabu hadi tatu, wakamwachia kwenye moja. Na hiyo ndiyo filamu yake ya kwanza ya sinema.

Basi tupeane. Taja muvi, mwaka, na utuambie KWA NINI inashika: ni kitu gani kilifanyika mbele ya kamera. "Ilikuwa kali sana" haitoshi.

Naanza na hiyohiyo. Nguvu ya Die Hard ni jengo. Lilikuwa jengo la kweli, Fox Plaza la Los Angeles, likiwa bado jipya, na dairekta John McTiernan anakufundisha ramani yake kabla ya risasi ya kwanza: lifti ziko wapi, ghorofa ipi haijamalizika, paa linafikiwaje. McClane, yule polisi stelingi, akikimbia unajua anatoka wapi na anakwenda wapi. Halafu viatu. Mwanzoni kabisa abiria mwenzake kwenye ndege anamshauri akifika avue viatu akunje vidole kwenye zulia. Unalisahau jambo hilo. Baadaye yuko pekupeku na sakafu imejaa vioo.

Nyoka Mmoja
Naunga mkono hoja. Stelingi gani mwingine amechakaa vile hadi mwisho wa picha?

Fundi Lenzi
Mleta mada, dairekta ni huyohuyo, lakini kazi yake kubwa ni Predator (1987). Watu wengi hudhani lile zimwi lisiloonekana ni kompyuta. Walimvalisha mtu suti nyekundu kuanzia kichwani hadi miguuni, kwa sababu msitu ni kijani na mbingu ni bluu, na nyekundu iko mbali na zote mbili. Wakapiga picha. Kisha wakapiga tena palepale bila mtu, kwa lenzi pana zaidi. Wakakata umbo jekundu kwenye picha ya kwanza, wakajaza ile ya pili. Ndiyo maana ukitazama vizuri unaona majani yaleyale, ila ndani ya umbo ni madogo na yamepinda.

Zimwi huona kwa joto, na hilo nalo liliwasumbua. Kamera ya joto inategemea mwili uwe na joto tofauti na mazingira. Kwenye msitu wa Mexico joto la hewa lilikaribia la mwili, mtu akapotea kwenye mandhari.

Na ile bunduki ya mitutu sita inayozunguka, anayobeba Jesse Ventura, haifyatuki bila umeme. Waya ulipitishwa ndani ya suruali. Kasi yake ilibidi ishushwe, maana kwa kasi ya kawaida kamera haioni mitutu ikizunguka.

Chuma Chakavu
Mnazunguka mbuyu. Commando (1985). Binti katekwa, baba kachukua silaha, kaenda kisiwani, kamaliza. Ramani ya jengo ya nini?

Fundi Lenzi
Ramani ingewasaidia. Tazama ile Porsche ya njano: John Matrix, yule baba, anaisimamisha baada ya kulalia ubavu wa kushoto, ubavu wote umebonyea. Anamaliza shughuli na mwenye gari pale kwenye jabali, anarudi, anaondoka nayo ikiwa haina hata mkwaruzo. Na kambi zinapolipuka kisiwani, simamisha picha: "askari" wanaorushwa ni sanamu zilizosimamishwa kwenye vyuma.

Chuma Chakavu
Na bado umeitazama mpaka unajua ubavu gani ulibonyea. Hiyo ndiyo maana ya muvi kushika.

Dada Sabtaito
Mnabishana kuhusu misuli kana kwamba Ripley hayupo. Aliens (1986), Sigourney Weaver akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa picha ya mapigano, jambo adimu mno. James Cameron alikuwa na suti chache tu za wale viumbe, kama sita. Mnaona jeshi kwa sababu taa ni hafifu, kila tukio ni fupi, na anakata kabla jicho halijahesabu. Lile limashine la kubebea mizigo analovaa Ripley mwishoni lilikuwa na mtu mwenye nguvu amejificha nyuma yake, ndiye aliyekuwa akisukuma mikono na miguu. Bunduki kubwa za wale makomandoo zimefungwa kwenye mkono wa Steadicam, ule wa kubebea kamera isitikisike, ndiyo maana zinaelea vile.

Ushauri: tafuta toleo refu, dakika 154. Lina kipande ambapo Ripley anaambiwa binti yake alishafariki yeye akiwa usingizini angani. Bila hicho huelewi kwa nini anamrudia yule mtoto, Newt, kule chini.

Kipara Ngoto
Napingana na dada. Kwa anayeitazama mara ya kwanza, toleo la sinema, dakika 137. Lile refu linakuonyesha koloni likiwa hai kabla makomandoo hawajafika, hofu ya kutojua kilichowapata inakufa. Refu liwe la mara ya pili.

Mla Kipondo
Wote mmeongea, ila mmezungumzia mitambo. Naomba niongelee mwili wa mtu.

Police Story (1985). Jackie Chan ndiye dairekta na ndiye stelingi. Mwisho wa picha ni kwenye jengo la maduka, Hong Kong, na walipiga usiku kwa kuwa mchana lilikuwa wazi kwa wateja. Vioo vya sinema kwa kawaida ni vyepesi, vimetengenezwa vivunjike bila kukata. Chan alitaka vinene zaidi ili vipasuke kama kioo halisi. Vikawa vinakata kama kioo halisi. Timu yake ikaibatiza filamu "Glass Story".

Sasa nguzo. Katikati ya jengo kuna uwazi unaopita ghorofa kadhaa, umening'inizwa mlingoti uliozungushiwa taa za mapambo kutoka juu hadi chini. Adui yuko chini na mkoba wa ushahidi. Chan anasimama juu ya ukingo, anaruka hewani, anaukumbatia mlingoti, anateleza chini huku taa zikipasuka na kutoa cheche mikononi mwake, anatoboa paa la vioo la kibanda, anatua sakafuni. Hakuna kamba. Hakuna mfuko wa hewa. Hakuna mtu wa kumchezea.

Kilichoharibika ni umeme. Taa zilikusudiwa ziwashwe kwa betri ya gari, volti ndogo. Zikaunganishwa kwenye umeme wa jengo. Kwa hiyo mlingoti ulikuwa wa moto na taa zilikuwa zinalipuka kwa nguvu halisi. Mikono yake iliungua, uti wa mgongo ukaumia, nyonga ikateguka. Na tazama anachofanya akishatua: anainuka na kuendelea na tukio.

Ilipigwa mara moja tu. Ndiyo maana kwenye filamu unaiona ikirudiwa mara tatu, kila mara kamera nyingine. Wengine husema kurudia vile ni kujisifu. Kwangu ni uthibitisho: anakuonyesha kwamba hakuna mahali palipokatwa.

Na hapo sijagusa basi la ghorofa mwanzoni. Ananing'inia kwa mwavuli. Ilibidi utengenezwe wa chuma, wa kawaida ulikuwa ukiteleza. Basi linapofunga breki, maadui wanaopita kioo cha mbele cha juu walitakiwa waangukie gari lililosimama mbele. Basi likasimama mapema mno. Wakapiga lami. Kipande kimeachwa ndani ya picha.

Nyoka Mmoja
Aisee.

Chuma Chakavu
Mlingoti nimeuona mara nyingi, hilo la umeme wa jengo sikulijua. Commando iwekwe pembeni kwanza.

Kipara Ngoto
Heshima kwa Chan, lakini kuumia si ubora. Tukihesabu mifupa, Mad Max 2 (1981) inashinda. Guy Norris, mchezaji wa matukio ya hatari, alirushwa kutoka kwenye pikipiki, miguu ikagonga gari lililokuwa mbele, akapinduka hewani mara kadhaa. Alivunjika mguu na dairekta George Miller akakiacha kipande kile. Dereva wa lile tenka lililobingirishwa mwishoni alikaa saa 12 bila kula, ili ikibidi kupasuliwa tumbo liwe tupu. Je, mtu akivunjika ndiyo muvi imekuwa bora?

Mla Kipondo
Sikusema kuumia ndiko ubora. Ubora ni kwamba kitendo kizima kimo ndani ya fremu. Miguu inaonekana, uso unaonekana, sakafu inaonekana, kamera imetulia. Picha nyingi za mapigano hukata kati ya ngumi na shavu. Chan anaiacha ngumi ifike.

Kipara Ngoto
Hapo nimekuelewa.

Mzee wa Kanda
Turudi kwenye mada jamani, mlingoti umemeza mjadala wote. Nani ana za ninja na Chuck Norris?

Chuma Chakavu
American Ninja (1985), Michael Dudikoff na Steve James, ilipigwa Ufilipino. Kampuni ya Cannon, mabinamu Menahem Golan na Yoram Globus. Hao walikuwa wanafyatua picha kwa pesa kidogo na kasi kubwa. Jambo la kuzingatia kwa Missing in Action: ile inayoitwa ya pili, The Beginning (1985), ndiyo iliyotengenezwa iwe ya kwanza. Wakaona ya pili imetoka vizuri zaidi, wakaitanguliza 1984. Kwa hiyo ukitaka hadithi inyooke, anza na "ya pili".

Dada Sabtaito
Usianze na ya pili. Waliibadilisha mpangilio kwa sababu ni dhaifu. Ukianza nayo hutaifikia hiyo nyingine.

Nyoka Mmoja
Bloodsport (1988) hamjaitaja? Na ni hadithi ya kweli.

Fundi Lenzi
Mwishoni wameandika hivyo, lakini gazeti la Los Angeles Times lilichunguza madai hayo mwaka huohuo wa 1988 na kuyatilia shaka makubwa. Ipende kwa mateke ya Van Damme na macho ya Bolo Yeung, yanatosha. Na kwa wanaofuatilia: Tong Po wa Kickboxer (1989) ni Michel Qissi, rafiki wa Van Damme tangu utotoni.

Kipara Ngoto
Mimi naomba zile zilizokataliwa kwanza, zikaabudiwa baadaye. The Thing ya John Carpenter na Blade Runner zilitoka siku moja, 25 Juni 1982, wiki mbili baada ya E.T. Watu walitaka kiumbe mpole, wakaletewa hizi. Zote zikaanguka sokoni.

Kwenye The Thing, daktari anamshtua mgonjwa kwa umeme, kifua kinafunguka kama mdomo na kumkata mikono. Rob Bottin, fundi wa viumbe vya bandia, alimtumia mtu ambaye kweli hakuwa na mikono, akamvalisha barakoa yenye sura ya mwigizaji na mikono ya bandia yenye mifupa ya nta na mishipa ya mpira. Taya za kifua ziliendeshwa kwa mtambo. Huwezi kumtambua.

Fundi Lenzi
Bottin huyohuyo alitengeneza suti ya RoboCop (1987). Ilikuwa nene kiasi kwamba haikuingia kwenye gari, kwa hiyo kila ukimwona Peter Weller ameketi garini, kavaa nusu ya juu tu. Na pale anaporushiwa funguo akazidaka: viganja vya mpira vilikuwa vinazirudisha, wakarudia na kurudia hadi akazishika.

Dada Sabtaito
Anayetaka Blade Runner achukue toleo la 2007, The Final Cut. Sauti ya Harrison Ford ya kueleza kila kitu imeondolewa.

Chuma Chakavu
Mimi nasema aanze na ile ya 1982 yenye maelezo. Bila sauti ile mgeni analala dakika ya 40.

Fundi Lenzi
Toleo lolote mtakalochukua, angalieni mambo matatu.

Kwanza, upana. Mad Max 2, The Thing, Die Hard na Police Story zilipigwa kwa fremu pana sana, 2.35 kwa 1. Kanda za zamani zilizojaza skrini ya mraba zilikata karibu asilimia 43 ya picha. Kama hakuna mistari myeusi juu na chini ya skrini yako, picha imekatwa au imevutwa.

Pili, zima setingi ya televisheni ya kulainisha mwendo. Filamu ni fremu 24 kwa sekunde. Televisheni ikijitungia fremu za katikati, mapigano yanaonekana kama mazoezi yaliyorekodiwa kwa video.

Tatu, chembechembe za filamu si uchafu. Blu-ray ya Predator ya mwaka 2010 ilisuguliwa hadi nyuso zikapoteza vinyweleo na jasho. Ukiwa na toleo la kabla yake, usilitupe.

Mla Kipondo
Naongeza la nne: sauti. Police Story chukua ya Kikantoni yenye maandishi chini, na ikiwezekana sauti ya mono, yaani ya mkondo mmoja. Baadhi ya matoleo yaliyotengenezewa spika nyingi yamebadilisha milio ya ngumi na vioo. Msishangae midomo kutoshikana na maneno hata kwenye Kikantoni. Wakati ule Hong Kong walipiga picha bila sauti, maneno yakaingizwa studio baadaye.

Nyoka Mmoja
Na ile aliyopasuka kichwa?

Mla Kipondo
Armour of God, ilipigwa Yugoslavia. Alikuwa anaruka kutoka ukutani kushika tawi la mti, si ruko kubwa kwa viwango vyake. Mara ya kwanza alifaulu. Akataka irudiwe iwe nzuri zaidi, tawi likamwangusha, kichwa kikagonga jiwe. Fuvu likavunjika, akapasuliwa, na kusikia kwa sikio moja kukapungua. Usizime picha majina yanapoanza kupanda, kipande chenyewe kimewekwa pale mwisho.